Mnaolisha ndege winta hii, tafadhali osheni vyombo

Mhariri, assalaam aleikum na poleni na kazi.

Mie ni msomaji wenu wa siku nyingi, nawasoma kwenye simu nikiwa huku Leicester, Uingereza, na leo naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua kwa jambo ambalo najua wengine wataliona dogo lakini mie limenikaa rohoni karibu miaka miwili sasa. Naandikia zaidi Waswahili wenzangu tunaoishi kwenye nchi za baridi, wa hapa, wa London, wa Oslo, wa Toronto, yeyote mwenye kabustani nyuma ya nyumba au hata kibaraza cha ghorofani. Winta ikianza tu naona kwenye magrupu yetu ya WhatsApp kila mtu anatuma video ya ndege wanakula ubwabwa dirishani, watu wanaweka mioyo na mashaallah nyingi, na mie nafurahi nao kabisa, alafu naiangalia ile sahani yenyewe naona ina ukoko wa wiki mbili, ina mavi ya ndege pembeni, roho inaniuma.

Nieleze nilivyoanza ili nieleweke. Mie nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, narudi asubuhi. Desemba huku jua linatoka saa mbili na robo, na saa kumi ya jioni haijafika limeshazama, yani mchana wote ni masaa saba na kitu, usiku ni masaa kumi na sita. Winta yangu ya kwanza kwenye nyumba hii nilikua nafika, navua koti, nachemsha chai, nakaa kwenye kiti cha jikoni nikitazama nje kwasababu usingizi wa mchana hauji haraka. Ndo nikaanza kumuona yule mdogo wa kofia ya buluu na tumbo la njano. Binti yangu kitinda mimba alimpa jina Kibuluu na mpaka leo hilo ndo jina lake nyumbani kwetu. Kibuluu ana gramu 11 hivi, shika sarafu moja ya pauni mkononi alafu ongeza nusu kijiko cha chai cha mchele, ndo uzito wake wote, moyo na mifupa na manyoya. Na huyo ndo analala nje usiku wa masaa kumi na sita maji yameganda kwenye ndoo. Usiku kucha anachoma mafuta aliyojiwekea mchana ili asife kwa baridi, kukipambazuka akiba imekwisha, lazima ale tena mpaka jioni, kila siku hivohivo mpaka mwezi wa tatu. Siku asipopata chakula cha kutosha hana kesho.

Nilipolijua hilo sikuweza kukaa tu nikinywa chai yangu. Nikanunua vile vibomba vya mbegu huku wanaviita fida, nikanunua na mbegu za alizeti, zile nyeusi zenye mafuta mengi, hizihizi wanazolima Singida na Dodoma tukakamulia mafuta ya kupikia, ndo chakula wanachokipenda kuliko vyote. Nikatundika na nazi. Mtu wa Tanga hakosi nazi hata akiwa Uingereza. Ukiipasua nazi mbichi katikati ukaitoboa ukaitundika kwa kamba, Kibuluu anakuja anajining'iniza kichwa chini miguu juu anadonoa nyama yake mpaka kinabaki kifuu kitupu, na hicho kifuu usikitupe, unayeyusha mafuta ya ng'ombe yasiyo na chumvi unachanganya na mbegu unamimina ndani yakiganda unatundika tena. Lakini ile nazi kavu ya kusagwa inayouzwa kwenye pakiti usiwape hata kidogo, inavimba tumboni inaweza kuwaua. Na pilau lenu la jana msiwape, lina chumvi na viungo, ndege mdogo chumvi haiwezi. Ubwabwa mweupe usiotiwa chumvi ni sawa kwa kiasi. Mkate unamjaza tu tumbo.

Karanga nazo zina habari yake. Sie watu wa Afrika Mashariki sumukuvu, ile sumu ya ukungu, tunaijua, Kenya mwaka 2004 iliua watu 125 kule Ukambani na maeneo ya jirani, na kwetu Dodoma na Manyara mwaka 2016 watu walikufa kwa mahindi. Ukungu huohuo unaota kwenye karanga na ndege inawaua vilevile, tena wao kidogo tu kinatosha. Kwahiyo zile karanga zilizokaa kabatini toka Ramadhani mkaona zimeanza kuchacha, msiseme basi tuwape ndege. Nunueni zilizopimwa, pakiti inasema, na ziwe hazina chumvi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike simu kuandika.

Karibu miaka miwili iliyopita, mwezi wa kwanza, ndege walikua wamenijaa. Shomoro, kwezi, tetere, robini mmoja mkorofi asiyetaka mwenzie hata chini ya meza, na chiriku wa kijani. Huyu chiriku ni mnene kidogo kuliko shomoro, mdomo mkubwa wa kupasulia mbegu, kwenye ubawa ana mstari wa njano kama ndizi mbivu. Nilikua na chano bapa cha mbao kwenye nguzo, nafika asubuhi namwaga mbegu mpya juu ya zile za jana naingia ndani. Mbegu hazikosekani, mie nikajiona nimefanya vizuri. Kuosha? Ndege wa mwituni nani anawaoshea vyombo, ndo nilivyofikiri, na mvua si inanyesha kila siku.

Asubuhi moja nikatoka nikamkuta chiriku mmoja kakaa katikati ya chano, kajitutumua manyoya amekua duara kama mpira. Wenzie wote waliruka nilipofungua mlango, yeye hakuruka. Nikasogea hatua moja, nikasogea ya pili, mpaka nikawa nimesimama karibu naye kabisa. Nikaona anatafuna mbegu. Anatafuna, anatafuna, inatoka mdomoni inaanguka, anaokota nyingine anatafuna tena inaanguka tena. Manyoya ya chini ya mdomo yalikua yamelowa yameshikana. Mie nikatoa simu nikampiga picha nikaituma kwenye grupu nikaandika "mashaallah huyu kanizoea". Watu wakajibu kwa furaha. Nikaingia kulala.

Niliporudi saa tisa alikua kalala ubavu chini ya kichaka, kakauka. Siku ya nne nikampata wa pili. Baada ya siku tisa walikua watatu, nikawafukia chini ya mtufaa na binti yangu ananiuliza mama wamekula nini na mie sina jibu.

Jibu nililipata baadaye kwa kusoma na kuuliza. Kuna kimelea kinakaa kooni, njiwa wamekua nacho tangu zamani, na hapa Uingereza mwaka 2005 kikaonekana kimeingia kwa chiriku, tangu hapo kimewamaliza. Koo linavimba, ndege ana njaa na chakula kipo mbele yake hakipiti. Kinasafiri kwa mate. Yule niliyedhani anakula kwa starehe alikua anatafuna na kutema, na kila mbegu aliyoitema ilibaki kwenye chano changu na mate yake, mwenzie anakuja anaiokota. Mie nikija asubuhi namwaga mbegu safi juu yake. Ndege anayejitutumua na kukuacha umsogelee hajakuzoea, anaumwa, hana nguvu ya kuruka. Mwaka 2021 chiriku wa kijani waliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini hapa Uingereza, ndege aliyekua wa kawaida kabisa kwenye bustani za watu. Mwanzoni mwa 2025 chama cha ndege cha RSPB kikasimamisha kuuza vile vyano bapa kwasababu ya ugonjwa huu. Hicho ni chama kilichoanzishwa 1889 na kina mama waliokataa manyoya ya ndege kuvaliwa kwenye kofia, na pesa kinapata pia kwa kuuza vifaa vya ndege, wao wenyewe wameona bora wasiuze.

Niliumia sana Mhariri, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilikua najua. Sio habari za kimelea, hizo sikuzijua, ila usafi niliufundishwa. Bibi yangu, kwetu Ngamiani, Tanga, alikua na desturi ya kuwamwagia ndege chenga za mchele uani kila asubuhi baada ya kupeta, shomoro na njiwa wanateremka toka kwenye bati. Alikua na kigae cha mtungi uliovunjika anawawekea maji. Na kila siku, kila siku wallahi, kabla hajamwaga chenga mpya alifagia kwanza za jana akazitia kwenye jaa, na kile kigae alikisugua kwa makumbi ya nazi na mchanga akakifudikiza juani mpaka kikauke ndo atie maji. Sie watoto tulikua tunachoka kumsubiri. Nilimuuliza ndege watajuaje kama kigae ni kichafu, akasema chombo cha mgeni hakikai na makombo. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba kile kimelea kikikauka kinakufa, kinahitaji unyevu. Lile jua la bibi lilikua dawa.

Huku jua hatuna kwahiyo inabidi tufanye kazi zaidi, na nawaeleza mie ninavyofanya sasa, anayetaka afuate. Chano bapa nilikitoa kabisa, nimebaki na fida za kutundika. Kila Jumapili nazishusha, namwaga mbegu zote zilizobaki hata kama zinaonekana nzuri, nafungua vipande vyote, naosha nje kwenye bomba la bustani sio kwenye sinki la jikoni. Nina ndoo yake, brashi yake na glavu zake, ndoo nimeichora mstari mwekundu ili mtu asije akaichukua kudekia. Kwanza sabuni na brashi ya chupa mpaka kona za chini zile mbegu zinapooza, alafu nalowesha kwenye maji yenye jiki kidogo, nasuuza sana mpaka harufu iishe, alafu naanika ndani karibu na hita mpaka zikauke kabisakabisa. Nina seti mbili, moja inakauka nyingine inafanya kazi. Chini napo nafagia maganda, na kila baada ya wiki kadhaa nahamisha nilipozitundika ili uchafu usirundikane mahali pamoja. Naweka mbegu za siku moja au mbili tu sio za wiki. Mikono naosha vizuri, kile kimelea cha kooni hakimpati binadamu ila ndege wanabeba pia bakteria wa salmonela na hao wanatupata.

Maji ndo watu wanasahau zaidi. Yakiganda ndege hana pa kunywa. Mie natoka asubuhi na birika la maji ya uvuguvugu, navunja barafu namwaga, nasugua chombo, naweka mapya na kampira kadogo kanaelea juu, upepo unakasukuma maji yanachelewa kuganda. Msitie chumvi eti yasigande.

Na ukimuona mgonjwa kama yule wangu, najua inauma lakini acha kulisha. Shusha kila kitu, mwaga maji, osha, kaa wiki mbili tatu ndege watawanyike waende kutafuta kwingine. Mie nilikaa wiki tatu na wakati huo theluji imeanguka, Kibuluu anakuja kwenye ile kamba tupu anaigeuzageuza, nilikua nafunga pazia nisimuone. Lakini ndo ilivyotakiwa, ukiendelea unawakusanya wazima na wagonjwa kwenye sahani moja.

Kaka yangu alinipigia toka Tanga akanambia dada, bei ya mchele huku imepanda na wewe unalisha ndege wa wazungu. Sikukasirika maana ana haki ya kusema, na kwetu natuma kila mwezi yeye mwenyewe anajua. Nilimkumbusha tulichofundishwa chuoni, kwamba mtu akipanda akala humo mtu au mnyama au ndege, kwake inaandikwa sadaka, na hapakusemwa ndege wa nchi gani. Tena hao ndege wenyewe nchi yao ni ipi? Mbayuwayu mnaowaona Tanga mwezi wa kumi na mbili wamejipanga kwenye nyaya za umeme, wengi wao wamezaliwa Ulaya na Asia kwenye mabanda ya ng'ombe ya watu, na hawa waliozaliwa huku Uingereza wanapita juu ya Sahara kwenda mpaka Afrika Kusini.

Kuna mwingine ambaye kila nikimfikiria nastaajabu. Ni wa kijivu, dume ana kofia nyeusi jike ana kofia ya kahawia, anaimba vizuri mno. Hawa wanaozaliwa upande wa mashariki ya Ulaya winta wanakuja nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Wanaozaliwa Ujerumani na Austria zamani walikua wanashuka Hispania na Afrika Kaskazini, lakini wapo sasa ambao wakati wa kuhama hawaendi kusini, wanageuka wanakuja Uingereza kwenye baridi, na wataalamu wanasema sababu mojawapo ni chakula cha kwenye bustani zetu. Na watoto wao wanazaliwa na njia hiyo ndani ya damu bila kufundishwa na mtu. Mie nilipomuona wa kwanza kwenye kifuu changu cha nazi nilikaa chini. Sie watu tumebadilisha safari ya ndege kwa kutundika mbegu, yani mbegu za pauni chache za dukani zimemgeuza kiumbe njia ya babu zake. Sasa mtu aliyemuita mgeni kutoka mbali namna hiyo amuwekee sahani chafu kweli?

Mhariri, nina ombi kwenu pia. Wikendi ya mwisho ya mwezi wa kwanza huku kuna kuhesabu ndege wa bustani, haohao RSPB wameanza mwaka 1979 mpaka sasa wanashiriki watu zaidi ya laki tano, unakaa saa moja tu unahesabu wanaotua kwako unatuma. Shomoro ndo anaongoza miaka mingi, na huyohuyo shomoro amepungua zaidi ya nusu tangu waanze kuhesabu, bila watu kukaa dirishani nani angejua? Ningependa gazeti liwatangazie Waswahili wa huku washiriki na watoto wao. Watoto wetu wanazaliwa huku hawajui chiriku wala kwezi wala tetere kwa Kiswahili, wanajua majina ya Kiingereza tu, na ndege hawa au ndugu zao wapo huko nyumbani na majina yao wanayo. Binti yangu amejifunza yote kwa winta moja kwa kukaa dirishani na daftari.

Nilikaa winta nzima iliyopita sikumuona chiriku wa kijani hata mmoja. Nikasema wameshapaogopa hapa, au wamekwisha. Wiki iliyopita Jumanne nimerudi kazini bado giza giza, nimekaa na chai yangu, kukaanza kupambazuka, nikaona kitu kimetua kwenye fida ya kushoto. Mstari wa njano. Nikasimama koti bado mwilini. Alichukua mbegu akaipasua, ganda likaanguka, na kiini akakimeza. Akachukua nyingine akaimeza. Manyoya yamelala vizuri, shingo nyembamba, macho yanapiga kila upande, na nilivyosogea dirishani tu akaruka zake.

Nimefurahi kwamba ameniogopa.

Wenu,
Mwana wa Ngamiani,
Leicester, Uingereza